"Vox populi, vox Dei": hoja au onyo?

Katika chaguzi za kanisa husikika mara nyingi usemi huu wa Kilatini, yaani, "sauti ya watu ni sauti ya Mungu". Hunenwa kura zikiisha kuhesabiwa, ili walioshindwa wanyamaze. Wausemao hudhani wanarithi hekima ya wazee wa imani. Historia yashuhudia vingine. Yapata mwaka 798 Alcuin, mwanachuoni aliyetoka York, alimwandikia Charlemagne akimwonya asiwasikilize watu wenye mazoea ya kusema hivyo, kwa kuwa ghasia za umati hukaribiana na wazimu. Basi kile tunachokitumia kama hoja, yeye alikitaja ili akikatae.

Maandiko nayo yatuonya. Ni umati uliomtaka Haruni afanye miungu (Kut. 32), na ni umati uliomchagua Baraba (Lk. 23).

Hata hivyo, tusidharau kura. Kusanyiko ndilo lililowachagua wale saba (Mdo. 6), na mwaka 1523 Luther alitetea haki ya usharika kupima mafundisho na kuwaita walimu wake. Lakini haki hiyo aliijenga juu ya Neno, wala si juu ya wingi wa watu.

Kura hutuonyesha aliyechaguliwa. Haithibitishi kwamba tumechagua vema. Kwa hiyo mchungaji amtiiye Kristo na aheshimu matokeo, wala asimfunge kinywa ndugu aliyeshindwa kwa kulitaja bure jina la Mungu.