Nguvu za Kuhani Zina Mwenyewe

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ambapo wachezaji huketi pamoja, wakasimulia safari ya kubuni na kuiachia dadu ikate mashauri, hakuna kazi inayodai ustadi kuliko kutunga kanuni za nguvu za kuhani. Mchawi hutegemea elimu yake na shujaa hutegemea mkono wake, bali kuhani hutumia kisicho chake. Mtunzi hodari hulifanya deni hilo lionekane katika kila muujiza. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, ulimpa kuhani mwiko wa silaha zenye makali, na katika ngazi ya kwanza ukamnyima dua zote. Hata hivyo, alipopanda ngazi, dua zake zilihesabiwa kwa siku, sawa na za mchawi. RuneQuest ya mwaka 1978 ilikwenda mbali zaidi: kuhani alitoa kabisa sehemu ya nguvu za nafsi yake ili apate za mungu. Hapo muujiza ukapata bei.

Mtunzi wa Ilemela, Mwanza, katika nchi ya Wasukuma, ana hazina jirani zaidi. Kwa Wasukuma, mfumu, yaani mganga wa jadi, hajiteui. Mara nyingi masamva, yaani mizimu ya wahenga, humwita kwa maradhi yasiyopona mpaka aitike, kisha hufundwa na mfumu mzoefu. Kuku akipasuliwa na viungo vyake kusomwa, ramli haiishii kwenye jibu: hudai tambiko. Nazo ngoma za vikundi hasimu vya Bagika na Bagalu, zinazochezwa Bujora, Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo, huleta dawa za pande mbili uwanjani, lakini mshindi ni anayevuta umati mkubwa. Wito, malezi, tambiko na ushuhuda wa watu: hizo ni nguzo nne zinazotosha kusimamisha kanuni nzima. Kuhani akipuuza tambiko, dua zake zififie. Jamii yake ikistawi, ziongezeke.

Wapo watakaosema kwamba miiko humfunga mchezaji. Kinyume chake, humpa jambo la kuamua. Kuhani anayeombwa kumponya adui wa mzimu wake ana hadithi tayari. Anayeponya yeyote bila gharama ni duka la dawa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba imani za watu walio hai si za kuchezea. Ni kweli, na ndiyo maana inafaa kujifunza muundo wake bila kunyakua majina na vitu vyake vitakatifu. Mwandishi Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika riwaya aliyoikamilisha mwaka 1945, aliuweka uganga ndani ya ndoa, ukwe na ujirani, akaupa heshima yake yote. Mtunzi wa michezo na afuate nyayo hizo. Kabla hujaandika dua ya kwanza, andika nani anaijibu, anadai nini, na nani ataishuhudia. Ukikosa majibu hayo, umemvika mchawi kanzu tu.