Bustani Iliyonyimwa Maji

Mara ya kwanza kuiona bustani ya bibi jirani yetu, katika mji mdogo magharibi mwa Chicago, nilidhani nyumba imehamwa. Mimi nimelelewa na mama aliyefagia uwanja alfajiri, mistari ya ufagio ikabaki mchangani kama ukili. Kwetu, majani yakifika dirishani, watu huuliza mwenye nyumba yuko wapi.

Yule bibi alikuwepo, tena magotini, anapanda. Ekinasea, maua ya porini, hakuzipanga safu kama askari. Alizitawanya, moja hapa, tatu kule, na katikati akachomeka nyasi za mbugani, zile zinazogeuka rangi ya kutu majira ya baridi yakikaribia, ili kila ua lipate wa kuegemea. Mbolea hakutia kabisa. “Ukiushibisha mmea huu,” aliniambia, “utarefuka kisha utalala chini.” Maji aliyatoa mwaka wa kwanza, kwa kipimo, halafu mpira akaukunja na kuutundika ukutani. Mimea ikakaa kimya kana kwamba imesusa. Kumbe ilikuwa safarini, inashuka.

Mmea alioupenda kuliko yote ni ule ambao Wamarekani wameuita dira, kwa kuwa majani yake husimama wima, kingo zikielekea kaskazini na kusini. Mzizi wake huweza kushuka mita nne na zaidi. Ua lake la kwanza alilingoja miaka mitano. Lilipofunguka, la njano, juu kabisa ya kichwa chake, aliniita kwa mkono tu, tukasimama chini yake bila kusema neno. Ulikuwa mwezi wa saba, wa ukame. Nyasi zangu, nilizozimwagilia asubuhi na jioni, zilikuwa zimekauka kama mkeka uliosahauliwa juani.

Theluji ilipoanguka hakukata kitu. Mabua meusi yalisimama, kila kichwa cha ekinasea kimevaa kofia nyeupe, na ndege wadogo wakaja kudonoa mbegu. Nilizoea kunywa chai dirishani nikiwatazama. Mwezi wa tatu ndipo alipotoka na mkasi, akakata bua moja baada ya jingine, taratibu, kwani ndani ya mabua mengine nyuki wa porini hulala.

Illinois, jimbo lilimo Chicago, mpaka leo hujiita jimbo la mbuga. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa huko, John Deere, aliunda plau ya chuma cha pua ambayo udongo ule mzito haukuing’ang’ania, na kabla karne haijaisha karibu mbuga yote ilikuwa imepinduliwa. Ile ya asili iliyobaki haifiki hata sehemu moja kati ya elfu. Ilibidi aje Mholanzi, Piet Oudolf, kuirudisha mimea hiyo katikati ya Chicago, katika bustani ya Lurie iliyofunguliwa mwaka 2004 juu ya paa la maegesho ya magari. Watu hupanda treni kwenda kuistaajabia na kupiga picha, kisha hurudi makwao kufungulia mipira ya maji.

Bibi alifariki, nyumba ikauzwa. Walionunua walileta vijana wenye mashine, na kazi ya miaka ishirini ikaisha kabla ya saa sita mchana. Jioni mazulia ya nyasi yalikuwa yamekunjuliwa, kijani, sawasawa, yamelowa. Nilisikia mpita njia akisema afadhali sasa pamesafishwa.

Kila mwezi wa tano, karibu na uzio, jani moja gumu lenye manyoya hupenya kwenye zulia lile na kusimama wima, kingo zake kaskazini na kusini. Hufika urefu wa kiganja. Jumamosi hukatwa pamoja na nyasi.