Kuteremka Bondwa

Watu husifu kupanda. Aliyefika kileleni hupigwa picha, hupewa cheti, huulizwa alijisikiaje kule juu. Habari za kushuka haziulizwi. Hata methali zetu hazikutaja kushuka kwa wema: mpanda ngazi hushuka, aliye juu mngoje chini, kana kwamba kurudi bondeni ni adhabu inayomsubiri kila aliyethubutu. Mimi naona tofauti, na miaka imezidi kunithibitishia. Kupanda mlima kwa mbio kunataka mapafu na subira. Kuteremka kwa mbio ni ufundi, na fundi wake hujulikana kabla hajafika kona ya kwanza.

Mlima ulionifunza hayo ni Bondwa, katika safu ya Uluguru, ule wenye minara ya mawasiliano unaouona ukiwa Morogoro mjini ukiinua macho upande wa kusini. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bondwa inapita mita 2,100. Mtu anayetoka mjini alfajiri hupita mashamba ya migomba na bustani za mboga, akafika Morningside penye nyumba kongwe iliyojengwa na Wajerumani, kisha akaingia kwenye msitu wa hifadhi ambako ukungu na baridi humshangaza mkazi yeyote wa Morogoro, mji kasoro bahari. Aliyenifundisha kuuteremka mlima huo alikuwa rafiki yangu. Nasema alikuwa kwa sababu urafiki wetu haupo tena. Yeye mwenyewe, kwa kadiri nijuavyo, yupo.

Alizaliwa huko huko mlimani, na utotoni aliteremka na bibi yake kupeleka ndizi sokoni. Ndipo ilipotoka elimu yake yote. Ukitaka kuuona ufundi huu katika usafi wake, usiende kwenye mashindano. Simama kando ya njia ya Uluguru asubuhi ya siku ya soko uwatazame akina mama wakishuka. Kichwani kuna mkungu wa ndizi, tenga la karoti au mzigo wa kuni. Miguuni kuna yeboyebo, au hakuna kitu. Hatua ni fupi na za haraka, magoti hayanyooki hata mara moja, mabega yametulia. Na macho yako mbele. Hayawezi kuwa penginepo, kwa sababu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama kutazama miguu yake. Kila kocha wa mbio za milimani anahangaika kumfundisha mwanafunzi wake jambo hilo, na wale akina mama walifundishwa na mzigo.

Elimu ya mteremko kwa Waluguru si ya juzi. Mwaka 1955 waligomea matuta ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuyachimba mashambani mwao, na mgomo huo ukageuka ghasia. Nautaja kwa sababu watu wale walikuwa wakiijua miinuko yao kwa nyayo kabla ya afisa yeyote kuichora kwenye karatasi.

"Angalia unakokwenda, siyo ulipo," rafiki yangu aliniambia tulipoanza kukimbia pamoja. Kuhusu mawe alikuwa na kauli moja tu: jiwe likitikisika, wewe uwe umeshaondoka. Ilinichukua muda kuielewa. Mshukaji mgeni hutafuta jiwe imara ili alisimamie. Mshukaji hodari hasimami juu ya chochote, analigusa jiwe na kuliacha, kwa hiyo uimara wake haumhusu sana. Vivyo hivyo na kuegama. Hofu humvuta mtu nyuma, na akishaegama nyuma kisigino hutangulia, na kisigino kwenye udongo mwekundu uliolowa ni safari ya kwenda chini kwa makalio. Inabidi kifua kiufuate mteremko ilhali akili inakataa. Mikono hufunguka ili kuupa mwili mizani. Mizizi iliyolowa haikanyagwi, hasa inayokatiza njia. Mguu huwekwa kwenye udongo ulio katikati yake.

Baadaye nilisoma sayansi ya jambo hili na nikafurahi kuona inakubaliana na bibi yule muuza ndizi. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu anazotumia mkimbiaji kwenye miinuko na miteremko mbalimbali, wakakuta kwamba gharama ndogo kabisa iko kwenye mteremko wa asilimia 20 hivi. Mteremko ukizidi hapo gharama inaanza kupanda tena, maana mwili unatumia nguvu kujizuia. Msuli wa paja hufanya kazi huku ukivutwa urefuke, nyuzi zake huumia, na maumivu huja kesho yake na keshokutwa, mtu akashindwa hata kukaa kwenye kiti bila kujishika. Lakini msuli hujifunza. Ukishateremka kwa nguvu mara moja, mteremko mwingine ndani ya wiki chache zinazofuata hauumizi kiasi kile.

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya Juni, masika yameisha lakini msitu bado unadondosha maji. Tulifika kwenye minara hatuoni mbali kwa ukungu. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha, kisha akainama kukaza upya kamba za raba zake na kunitaka nifanye hivyo hivyo, kwa sababu mguu ukicheza ndani ya kiatu wakati wa kushuka, kucha ndizo zinazolipa. Halafu akaondoka, nami nikamfuata.

Msitu ule una ndege wasiopatikana popote pengine duniani, na watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuwatafuta. Mimi sikuona ndege. Niliona visigino viwili vyenye tope, na sehemu ya njia iliyokuwa mbele ya visigino hivyo. Kulia kwa mzizi, kushoto kwa jiwe, ukingo wenye majani, kona, tena kona. Kuna mahali, sijui wapi, nilipoacha kuchagua pa kukanyaga. Yeye alichagua, miguu yangu ikakubali. Sijawahi kuuamini uamuzi wa mtu mwingine kwa kiasi kile, si kazini, si nyumbani.

Tulipotoka msituni tukakutana na akina mama wenye mizigo. Alisimama palepale, akaingia majanini kuwapisha, kwani mlimani mwenye mzigo ndiye mwenye njia. "Shikamooni mama zetu." "Marahaba wanangu. Nani anawakimbiza?" Alicheka, akawasaidia wawili kutua mizigo wapumzike, akaipandisha tena vichwani mwao, ndipo tukaendelea. Mbio zetu hazikuwa na saa. Mwendo ulikatika na haikumgusa.

Wiki chache baadaye nilimwona akiteremka peke yake. Mimi nilibaki Morningside nikimsubiri, naye akaja kutoka juu. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliruka mahali ambapo siku ile tulipiga hatua tatu, alikata kona kwa kukanyaga ukuta wa udongo, aliufuata mstari wa mawe ambao siku ile aliukwepa. Ndipo nilipotambua kwamba siku ile, akiwa mbele bila kugeuka nyuma hata mara moja, alichagua kila hatua kwa kipimo cha miguu yangu. Hakunieleza wakati ule wala baadaye.

Kwa hiyo naamini ufundi huu hauhamishwi kwa maneno pekee. Unahama kutoka visigino kwenda machoni, na unadai mtu wa mbele awe na hisani ya kupunguza ukubwa wake. Hapo huwafikiria hata mabingwa. Mkimbiaji Karl Egloff, alipopanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2014 kwa muda wa saa 6 na dakika 42, aliteremka kutoka mita 5,895 kwa muda usiofika saa 2. Mtanzania Simon Mtuy aliyamaliza yote mawili mwaka 2006 kwa muda usiofika saa 10, akiwa amejibebea chakula na maji yake. Victor Kiplangat wa Uganda na Lucy Wambui Murigi wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani huko Premana, Italia, mwaka 2017, na Kiplangat akaja kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2023. Nikisoma habari zao huwa najiuliza swali ambalo magazeti hayaulizi: nani aliwatangulia, wakati bado hawajui?

Urafiki wetu haukuvunjwa na ugomvi. Nilihamia Dar es Salaam kikazi, yeye akaenda kusini. Tulipigiana simu, kisha tukatumiana salamu za sikukuu, kisha hata hizo zikapungua. Mara moja alipita Dar, tukakutana Kariakoo kwenye mgahawa, tukaagiza chai na chapati. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa hamu kubwa. Mazungumzo yakawa yanazimika kila tulipoyawasha. Nilimjua mtu huyu anavyovuta pumzi akichoka, nilijua mguu gani anautanguliza kwenye tope, lakini sikujua anaogopa nini maishani wala anamtegemea nani. Tulikuwa tumezungumza kwa miaka kwa njia nyingine, na pale mezani njia hiyo haikuwepo. Hata tulipoutaja mlima, tuliutaja kama wageni waliousikia redioni. Aliniaga kwa heshima. Siku nyingine nilipopiga namba yake ilipokewa na mwanamke asiyemfahamu.

Zamani niliona uchungu kwamba urafiki ule ulikuwa mwembamba, ulikaa mahali pamoja tu. Leo siuoni hivyo. Kuna watu tuliopewa kwa ajili ya kazi moja, na wakaifanya kwa ukamilifu. Kumdai mtu wa namna hiyo awe pia mtu wa simu na vikao ni kumwonea. Lakini ningependa ajue kwamba niliona. Kwamba nilimwona siku ile akija peke yake juu ya Morningside, na nikaelewa alichonifanyia msituni bila kusema.

Nimekimbia na wengi tangu wakati huo, nimewatazama mabingwa kwenye televisheni wakishuka Alpsi kwa viatu vya bei kubwa. Katika kupanda, wapo wengi wanaomzidi. Katika kuteremka sijaona bado wa kumweka mbele yake, na katika kumtangulia mtu asiyejua, hakuna.