SOKO HURIA NA MILA: ITIKADI INAYOJIPINGA YENYEWE

Kila itikadi lazima ipimwe kwa mizani moja: inamtumikia nani? Kwa mizani hiyo tuitazame itikadi ya Wahafidhina wa Magharibi, inayodai kuwa soko huria na mila za jamii, yaani familia, dini na adabu, ni vitu viendavyo pamoja.

Mwananadharia wake mkuu huko Marekani alikuwa Frank Meyer (1909–1972), aliyekuwa Mkomunisti kabla ya kugeuka. Katika kitabu chake cha mwaka 1962, In Defense of Freedom, alidai kuwa wema wa kulazimishwa na dola si wema. Sharti mtu auchague mwenyewe. Kwa hiyo, uhuru na wema havitengani.

Hoja hii si ya kubezwa. Utu hauletwi kwa bakora. Lakini Meyer aliiona shuruti ya dola, akaifumbia macho shuruti ya njaa. Mvujajasho asiye na mali ila nguvu zake, akiambiwa afanye kazi au aondoke, anachagua nini?

Ushahidi upo Uingereza. Margaret Thatcher, Waziri Mkuu tangu 1979 hadi 1990, alihubiri familia na soko kwa kinywa kimoja. Mwaka 1986 serikali yake ilipeleka Bungeni muswada wa kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili. Hapo itikadi ikajigonga yenyewe: Wabunge 72 wa chama chake waliungana na wapinzani, muswada ukaanguka kwa kura 14. Nje ya Bunge, makanisa na chama cha wafanyakazi wa madukani vilisimama pamoja kuitetea siku ya mapumziko.

Lakini tamaa ya faida haichoki. Mwaka 1994, chini ya serikali ya chama hicho hicho, sheria ilipita. Kati ya mila na faida, iliyosalimu amri ni mila.

Somo ni wazi. Familia hailindwi kwa mahubiri. Hulindwa kwa ajira, makazi, na muda wa mzazi kukaa na wanawe. Na muda huo ndio bepari anaotaka kuununua kwa bei ndogo.

Basi, Ndugu, akitokea mtu wa kutusifia mila zetu huku akitaka kila kitu kiachiwe soko, tusibishane naye juu ya mila. Tumuulize swali moja tu: Jumapili ya mfanyakazi ni mali ya nani?