Milango Saba ya Faili Moja

Faili lilifika kwenye flashi iliyochomolewa kabla kunakili hakujaisha. Ndani yake mlikuwa na katuni fupi: bibi amekaa mkekani, anapeta mchele. Synfig, programu huria iliyotumika kuichora, ilikataa kulifungua. Mwenye kazi alikwisha kukubali kuanza upya. Fundi akamwomba asubuhi moja tu, nami nikavuta kiti.

Hakuligusa faili lenyewe. Alitoa nakala, akaipa jina lingine, kisha lile la asili akalifunga lisiandikike. Hapo ndipo alipoanza.

Mafaili ya Synfig yanayoishia na sifz ni maandishi ya XML yaliyobanwa kwa gzip. Gzip hubana kwa kurejea nyuma: neno likijirudia, hailiandiki tena, huweka alama ya kuelekeza lilikotokea awali. Kwa hiyo kichwa kikiwa kizima, maandishi husomeka hadi pale yalipokatika. Fundi alijua pia kwamba gunzip, programu ya kufungua mbano huo, ikikuta kasoro hufuta hata ilichokwisha kukitoa. Akatumia zcat, inayofungua mbano uleule, akaelekeza kinachotoka kiingie kwenye faili jipya. Zcat ililalamika kwamba mwisho umefika kabla ya wakati wake, lakini ilikuwa imeshamwachia maelfu ya mistari.

Akaifungua katika kihariri matini cha kawaida. Nilidhani atashuka moja kwa moja hadi palipoharibika. Alianza juu kabisa. Upana na kimo cha turubai. Fremu 24 kwa sekunde. Kisha tabaka moja baada ya jingine, maana tabaka la chini ndilo huandikwa kwanza: ukuta, mkeka, mwili wa bibi, ungo, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Rangi ya kanga haikuwa na jina humo. Ilikuwa namba nne, za wekundu, ukijani, ubluu na uzito wa rangi yenyewe. Mwendo wa mkono ulikuwa safu ya nyakati, na kila wakati una pembe yake. Alisoma kama mtu anayezoea mwandiko wa mwenzake kabla ya kuthubutu kuongeza neno.

Mstari wa mwisho ulikatika katikati ya namba. Mkono wa kulia ulikuwa umefika sekunde 1 na fremu 12, na pembe yake ilikuwa 2 peke yake, bila kilichofuata. Angeweza kukisia. Badala yake alipanda mistari michache. Sekunde 0, mkono chini. Fremu ya 12, mkono juu, nyuzi 23.5. Sekunde 1, chini tena, kwa pembe ileile ya mwanzo hadi tarakimu ya mwisho. Akaenda kuuliza mkono wa kushoto, uliosalimika wote: nao kwenye sekunde 1 na fremu 12 ulirudi palepale ulipokuwa kwenye fremu ya 12. Kupeta ni mwendo wa kujirudia. Ndipo alipoiandika 23.5, na ile 2 iliyobaki ikapata wenzake.

Kisha akafunga. Katika XML kila tagi iliyofunguliwa sharti ifungwe, na iliyofunguliwa mwisho hufungwa kwanza. Alipomaliza kuukamilisha ule wakati uliokatika, alihesabu zilizobaki wazi, akaziorodhesha kwenye karatasi: animated, param, layer, canvas, param, layer, canvas. Saba. Akaziandika moja moja huku akizikata kwa kalamu, kama mwenye nyumba anayefunga milango usiku kuanzia chumba cha ndani hadi lango la uani.

Akaendesha xmllint, programu ya kukagua XML, kwa chaguo la --noout ili isichapishe faili lenyewe. Ikamtajia namba ya mstari: alama ya kufunga nukuu ilisahauliwa. Akaiweka, akaendesha tena. Xmllint haina sifa za kumpa mtu. Ikiendeshwa hivyo, faili likiwa sawa hunyamaza. Ilinyamaza.

Synfig ikalifungua. Bibi akainua ungo, akaushusha. Hapakuwa na pumba zilizopeperuka, kwa sababu tabaka lao ndilo lililokuwa juu kabisa, hivyo liliandikwa mwisho, na lilikwenda na kipande kilichokatika. Fundi hakulibuni. Kwenye karatasi ileile alimwandikia mwenye kazi matabaka yaliyopona, pembe moja aliyoirudisha na jinsi alivyoipata, na kwamba pumba inabidi zichorwe upya.

Niliutazama mzunguko ule mara nyingi, mkono ukipanda na kushuka, nikitafuta kiraka kilipo. Kwenye kioo sikukiona. Kilikuwa kwenye karatasi tu, kwa mwandiko wake.