Cheti Ukutani

Hapa Muheza, mzazi akitafuta shule ya awali, huoneshwa kwanza cheti cha usajili kilichotiwa fremu. Sikibezi. Lakini, ndugu msomaji, kisheria shule husajiliwa kabla ya kupokea watoto: cheti kinashuhudia majengo, vyoo na majina ya walimu, si mafundisho. Kile kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25, nani hukihesabu kila Jumatatu? Ukaguzi (siku hizi wauita uthibiti ubora) huja baadaye, na shule iliyopata fununu hufagia uwanja mara mbili. Mimi niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu ningeuliza jambo moja tu: mtoto akijibu kwa Kibondei, mwalimu humwelekeza au humchapa? Mzazi, kabla hujalipa ada, simama dirishani usikilize.