Wema wa Kila Usiku: Kuisoma Upya Adili na Nduguze

Uhakiki wa Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert umezoea kuanza na kuishia kwenye majina. Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Kwa hiyo, husemwa, wahusika ni bapa na funzo limefichuka kabla ya kisa kuanza. Hukumu hii haikosi ukweli. Hata hivyo, imetupitisha haraka mno mbele ya tendo moja dogo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalobeba uzito wa kazi hii.

Wema wa Adili una sura mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana upesi: huwasaidia nduguze waliopoteza mali yao, na humwokoa kiumbe dhaifu aliyekuwa akiandamwa na adui. Kiumbe huyo hubainika kuwa Huria, binti wa mfalme wa majini, naye hulipa fadhila kwa kumnusuru Adili nduguze wanapomtosa baharini. Hapa inatawala mantiki ya malipo: wema hauozi. Ni mantiki ya ngano nyingi, nayo haihitaji kutushughulisha sana.

Sura ya pili haina malipo. Huria amewageuza nduguze manyani, na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili hutii. Lakini baada ya kipigo, huwabembeleza na kuwalisha kwa mkono wake mwenyewe. Anaowatendea hivyo ndio waliotaka kumuua. Hakuna shahidi, hakuna shukrani inayotarajiwa, wala kesho haitaondoa haja ya kurudia. Mhusika anayeitwa bapa anatuonyesha hapa mgongano mkali: mkono unaopiga ndio unaolisha.

Msomaji makini atauliza: je, anayemlisha aliyempiga ameacha kuwa mpigaji? Swali hili ni zito, hasa kwa kuwa Adili ni mtawala wa Janibu, na historia inawajua watawala waliogawa chakula kwa mkono mmoja na viboko kwa mwingine. Kulijibu kwa kusema kwamba Adili ameamriwa tu hakutoshi. Jibu la maana zaidi limo katika msuko wenyewe. Ayasi, mjumbe wa Mfalme Rai aliyekuja kukusanya kodi, huchungulia usiku na kuyaona yote. Habari humfikia Rai. Adili huitwa na kuulizwa. Na hatimaye Rai humwandikia mfalme wa majini kuomba adhabu ikomeshwe. Kwa hiyo mwandishi hadai kwamba huruma ya faraghani inafuta dhuluma. Anachosema ni kwamba huruma hiyo huwahifadhi wanaoadhibiwa, huzuia moyo wa anayeadhibu usizoee, na huwa ushahidi siku mamlaka yatakapokuwa tayari kusikiliza. Ukombozi wenyewe unahitaji barua ya mfalme.

Ulinganishi unatia nguvu usomaji huu. Kisa kinafanana sana na ngano ya Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela u Lela, ambamo ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Katika ngano hiyo, ndugu wakisharejeshewa umbo lao huurudia uovu, na mwisho wao ni kifo. Shaaban Robert ameukwepa mwisho huo. Kwake, Hasidi na Mwivu hurudi kuwa watu, kwa umbo na kwa mwenendo. Badiliko hili si la mapambo. Linadokeza imani kwamba usiku ule mwingi wa kulishwa haukupotea bure, na kwamba binadamu aliyetendewa utu hata akiwa nyani ana njia ya kuurudia utu wake. Anayetaka kuiita imani hiyo njozi ana haki yake. Lakini hana budi kukiri kwamba mwandishi ameichagua kwa makusudi.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Methali hiyo humsifu atendaye bila kungoja shukrani, na kwa kiasi hicho inamfaa Adili. Lakini haimtoshi. Adili hakwenda zake. Alirudi usiku uliofuata, na uliofuata huo, akiwa na chakula mkononi. Tunapowafundisha wanafunzi wetu kwamba riwaya hii "inahimiza wema", tuwaonyeshe pia ugumu wa wema wenyewe: ni kurudi pale pale, kwa watu wale wale, wakati hakuna anayetazama.